Mawingu Ndani ya Chupa ya Peremende

Jumatatu, 15 Oktoba 1956

Daftari jipya! Nimepewa na Bwana Mawingu mwenyewe, mkono kwa mkono. Kurasa tisini na sita, zote tupu. Amesema niandike humo habari za mbinguni: asubuhi mawingu mangapi, jioni mawingu mangapi. Nimeandika mstari mmoja (mawingu: yapo) halafu nikaona ni hasara mbingu ichukue daftari zima wakati mimi mwenyewe nina mambo.

Kwa atakayesoma nikishakufa: mimi ni Severini, wa Makanyagio, hapa Mpanda. Darasa la tatu, misheni. La nne ningelipita kwa mguu mmoja, ila mwalimu aliniogopa.

Huyu Bwana Mawingu ni Mzungu aliyeshuka kwenye treni ya Kaliua wiki iliyopita na sanduku la kioo refu kama hori la ng'ombe. Kazi yake ni kujua kwa nini ndege ndogo zinazotua hapa, zikipita katikati ya mawingu ya Oktoba, hurushwarushwa kama karanga kwenye ungo. Alitaka mtu wa kubeba hilo sanduku bila kulivunja. Nikamweleza kwamba wakati wa vita niliruka kwa ndege huko Burma, nikafungua dirisha, nikashika wingu kwa kiganja. Pamba mbichi kabisa. Akaniandika kazi hapo hapo.

Generosa alikuwa anapita. Huyu ni mtoto wa dada yangu Dafrosa, miaka kumi na minane, amesoma hadi la nne na ndiyo maradhi yake. Akauliza mbele ya Mzungu: ndege gani hiyo ya kufunguka madirisha, mjomba? Na tangu lini Burma imehamia Tabora? Maana mama anasema vita vyote ulikuwa Tabora unamenya viazi.

Mtoto gani huyu! Kana kwamba viazi vya jeshi humenywa na kila mtu!

Jumanne, 16 Oktoba

Leo nimeyaona. Wenzangu wote wa Makanyagio watakufa bila kuyaona.

Bwana Mawingu amejaza maji kwenye lile sanduku. Juu ameweka kikombe chenye maji meupe mazito, kama tui lenye chumvi. Akakipindua. Yale meupe yakashuka ndani ya maji, yakatutumka, yakajikunja, yakajifungua, yakatoa vichwa kama koliflawa za bustani ya mapadri. Mzungu akapiga picha upesi upesi. Mimi nikasema kwa adabu: Bwana, lakini wingu halishuki, linapanda. Nikafikiri nimemkamata.

Akacheka. Akasema, “Wingu ya kweli iko kwenda juu. Hii iko kwenda chini. Mambo moja tu. Wewe geuza kichwa.” Kisha Mzungu mzima, na kaptula yake, na soksi zake za magotini, akainama akalipa sanduku mgongo akachungulia katikati ya miguu yake!

Nikafanya vilevile. Mungu wangu! Lilikuwa wingu. Lile lile linalosimama juu ya milima ya Mwese saa tisa alasiri, linapanda, linachemka, na tumbo lake liko chini sawasawa.

Nimerudi nyumbani mtu mwingine. Siri ya mbingu yote ni kuinama.

Nimemkuta Gaspar njiani. Gaspar ndiye mtunza kikombe cha kupimia mvua cha misheni. Kila asubuhi saa tatu anakwenda, anakimimina kikombe, anaandika sifuri. Tangu mwezi wa tano anaandika sifuri! Kazi ya sifuri, na bado wamempa kofia yenye beji ya shaba. Akaniambia amesikia Bwana Mawingu kabla ya kuondoka atasimamisha kikombe kingine kiwanja cha ndege na atatafuta msomaji wake, na yeye Gaspar ameshapeleka jina. Nikamwambia na mimi nimeshapeleka. (Nilipeleka baada ya kumwacha, mbio.)

Hiyo kofia ya pili ni yangu. Hapo hakuna maneno.

Alhamisi, 18 Oktoba

Dafrosa amekuja asubuhi na mapema na ile sura yake ya kutaka kuniamini lakini moyo unakataa.

Lazima nieleze. Mwaka jana mvua ilimwangushia ukuta juu ya kitanda. Nyumba ya miti na udongo, mjane, hana wa kumrekebishia. (Mimi nilikuwa na mgongo.) Akalala jikoni kwake na Generosa mpaka Pasaka. Ndipo akaapa: nyumba ya matofali ya kuchoma au basi. Tangu Julai wanakanyaga udongo kule kijitoni, wao wawili, wanapiga matofali. Elfu tatu! Generosa anahesabu; kila la mia analitia alama ya dole gumba. Yamepangwa yanakauka, yamefunikwa nyasi. Yakichomwa, nyumba. Yakinyeshewa kabla ya kuchomwa, tope. Hakuna katikati.

Fundi wa tanuru ni Ignasi, naye atapata ruhusa mgodini tarehe 26. Kuni zimeshakatwa, mizigo ishirini na minne ya miombo mikavu, zimepangwa ukutani kwangu kwa sababu nyumba yangu ndiyo iliyo karibu na tanuru. Dafrosa akasema, “Kaka, kwa marehemu mama, nakuomba kazi moja tu. Uzitazame hizi kuni.”

Kazi moja tu! Mtu aliyebeba sanduku la mbingu bila ufa! Nimeapa kwa mama. Nimekasirika lakini nimeapa.

Mchana nimekaa kibarazani nikitazama kuni, ndipo akili ikanijia. Sanduku la Bwana Mawingu ni la baridi. Chini ya mbingu kuna baridi? Hapa Mpanda mwezi huu ardhi saa sita inakuunguza nyayo mpaka unatembea kama kuku. Joto liko chini, baridi iko juu, ndiyo maana mawingu hayatulii. Mzungu amesahau moto!

Nitatengeneza mbingu yangu. Yenye moto. Bwana Mawingu akiiona, kofia ataniletea kwa mikono miwili.

Ijumaa, 19 Oktoba

Nimepata chupa kubwa ya peremende dukani kwa Saidi. Hakutaka kunipa. Nikamwahidi nitakuwa namwambia siku ya kuingiza vitambaa ndani kabla mvua haijagusa baraza. Akanipa, akabakiza peremende mbili zilizogandia chini. Hazikuharibu kitu.

Chupa ukiiweka motoni inapasuka, hilo hata Gaspar analijua. Kwa hiyo: nusu ya pipa, maji tele, chupa ndani ya maji, moto chini ya pipa. Kuna mahali mtu alikwishafikiri hivyo? Hakuna.

Kwa wingu nilitia unga wa muhogo. Kosa dogo. Mbingu ikawa uji. Romana, mke wangu, akauliza kama nitaula au nitautupa, maana yeye hajawahi kupika mbingu.

Mara ya pili nikatumia chokaa. Nilikwenda kuibandua kidogo ukutani misheni, nyuma kule, pasipoonekana. Gaspar akaonekana. Akasimama na kofia yake akaniuliza: Severini, ukuta wa nyumba ya Mungu unaula? Nikamjibu ni kazi ya serikali. Akasema basi serikali ilambe polepole.

Lakini chokaa imekubali! Nimeimimina juu na chumvi kidogo, moto chini umewaka, na ndani ya chupa kumekuwa na vurugu ambayo sijaiona hata kwenye harusi ya Wapimbwe. Nyeupe inashuka, joto linaisukuma, inapinduka, inagongana, inameguka vipande, vipande vinazaa vipande. Niliinama, nikachungulia. Mbingu tupu!

Imekula mzigo mmoja wa kuni. Mmoja kati ya ishirini na nne. Pengo halionekani.

Jumapili, 21 Oktoba

Siku mbaya. Sina kosa hata chembe.

Baada ya misa lilisimama wingu kubwa upande wa Mwese. Nikatoka barabarani pale mbele ya nyumba kulilinganisha na la kwenye chupa. Kulinganisha maana yake kuinama. Nikalipa wingu mgongo, nikafungua miguu, nikateremsha kichwa. Linapendeza! Nikawa nalisoma kwa sauti: linashuka, linatutumka upande wa kulia, linashuka...

Ndani ya wingu akatokea mtu, miguu juu. Ana kapu kichwani, au kapu ndilo lina yeye. Nikamtazama anavyokuja akitembea kwenye dari. Nikajiuliza nani huyu anafanana na mama mkwe.

Alikuwa mama mkwe.

Mama mzazi wa Romana, ametembea toka Mwese siku mbili, kapu la maharage kichwani, anakuja kumsalimia binti yake. Mimi mkwe huyu hata njia hatupishani. Nikimwona mbali naingia majanini, yeye anajifunika kanga, ndiyo heshima yetu toka siku ya mahari. Na leo kitu cha kwanza alichokiona nyumbani kwa mkwewe ni makalio, yameinuliwa juu, yanamlenga yeye, na chini yake kichwa changu kinasema “linatutumka”.

Hakupiga kelele. Alitoa sauti moja kama birika. Akageuka na kapu lake, akarudi Mwese.

Nilimkimbilia nieleze. Kumbe kumkimbilia mama mkwe ni kosa la pili. Akapiga mbio! Umri ule, na maharage!

Jumatatu, 22 Oktoba

Romana amekwenda Mwese kuomba msamaha. Amesema faini itakuwa mbuzi mweupe na kaniki, na mimi nisikanyage kule mpaka niitwe. Akasema ameishi nami miaka kumi na tisa, amevumilia Burma, amevumilia chatu niliyemuua kwa kijiko, lakini mama yake alikuwa na macho mawili tu na mimi nimeyaharibu.

Makanyagio nzima inajua. Asubuhi nimepita kisimani, wanawake wote wakajifunika nyuso kwa kanga, wakasema wasije wakaona wingu. Ignasi, huyu fundi wa tanuru, amenipigia kelele kutoka ng'ambo ya kijito: “Shemeji Severini! Leo kutakucha au tugeuke?”

Na nani aliyeanza kuinama? Mzungu! Mzungu ameinama wiki nzima na hakuna aliyemtoza mbuzi! Nyie watu nyie!

Mizigo ya kuni: kumi na saba. Sayansi ina njaa.

Jumatano, 24 Oktoba

Nimemaliza. Nimeipata kanuni.

Bwana Mawingu alisema kila kitu kwenye sanduku kiko kichwa chini miguu juu. Sawa. Nimeitazama chupa yangu siku nne, moto mkubwa, moto mdogo. Siku hizi mbili nyeupe inashuka kwa nguvu, inaporomoka kama ukuta, inapiga chini mpaka chupa inatikisika. Sasa geuza. Kinachoporomoka kwenye chupa, mbinguni kinapaa. Kwa hiyo mvua inapaa! Inarudi ilikotoka! Kadiri vurugu inavyokuwa kubwa ndani ya chupa, ndivyo ukavu unavyokuwa mkubwa nje. Nimepiga hesabu: hakuna tone mpaka tarehe kumi Novemba.

Nimekwenda sokoni, nimepanda juu ya gogo la mchinja nyama, nimetangaza. Gaspar akasema yeye hana chupa, lakini mchwa wenye mbawa wameanza kutoka, vyura wa kijitoni wanaitana, na upepo wa mchana umegeuka unatoka ziwani. Akasema kabla ya Watakatifu Wote ataandika namba isiyo sifuri. Nikamwambia asituletee vyura kwenye mambo ya hali ya hewa. Watu wakacheka. Nadhani walimcheka yeye.

Saidi amesikia, ametoa vitambaa vyote nje, barazani. Mtu mwenye imani!

Dafrosa hana. Nilimwambia afunue zile nyasi juu ya matofali yapate jua, hakuna mvua. Akasema kaka, wewe tazama kuni. Tazama kuni, tazama kuni! Kama mimi ni mbwa!

Kwa kweli nyasi nilizihitaji mwenyewe, kuni hizi za chini ya rundo ni ngumu kushika moto. Nimechukua kidogo. Upande mmoja. Upande na nusu. Na matofali yamepata jua, kwa hiyo nimemsaidia bila yeye kujua, na sitataka shukrani.

Ijumaa, 26 Oktoba

Ignasi amekuja kupanga tanuru. Amezunguka ukuta wangu mara mbili. Kisha akaita: “Mama Generosa! Njoo huku unionyeshe kuni.”

Imebaki mizigo minne.

Nilieleza. Nilieleza vizuri sana, kwa utaratibu, kuanzia kosa la Mzungu la kusahau moto. Nikawachukua kwenye pipa waone. Nikachochea. Mbingu ikachemka vizuri kuliko siku zote, nikawaambia tazameni! Hawakutazama chupa. Walitazama kilichokuwa chini ya pipa.

Dafrosa akaniuliza kwa sauti ndogo, “Kaka, ulimwapia nani?”

Nikasema mama. Lakini mama mwenyewe angeelewa, kwa sababu mvua haiji mpaka tarehe kumi, kuna siku kumi na tano, kuni si dhahabu, msitu si umejaa? Generosa akasema, “Mjomba, msitu umejaa lakini mikono yetu ni minne.” Kisha akasema hata nyasi nimekula. Nikasema mimi sili nyasi. Akasema ngoja tu.

Wakachukua mashoka wakaenda porini, mama na binti, saa nane ya jua lile. Ignasi amebaki anapanga matofali bila kunisemesha. Anasema tanuru likipangwa Jumatatu jioni na kuni zikiwepo, atawasha. Jumatatu! Wana bahati ya siku kumi na mbili za ziada na wananuna!

Hakuna hata mmoja aliyesema chupa ni nzuri.

Jumapili, 28 Oktoba

Naandika na daftari limelowa.

Tulikuwa kwenye misa ya pili, padri amefika kwenye mahubiri, giza likaingia madirishani. Nikatoka nje. Upande wa Mwese, wingu. Si moja, ukuta wa mawingu, meusi chini, meupe juu, yanachemka. Nikainama. (Niliangalia kwanza kama mama mkwe hayupo.) Katikati ya miguu yangu yale mawingu yote yalikuwa yanashuka kwa nguvu. Nikafurahi sana. Yanashuka! Basi yanakwenda zake!

Nikawa bado nimeinama tone la kwanza liliponipiga kwenye pua. Kwa ndani. Mtu anayeinama pua zake zinaelekea juu, hilo watu hawalifikirii.

Dafrosa alitoka kanisani anakimbia, viatu mkononi. Generosa nyuma yake. Halafu Gaspar, maana ndiye pia mvuta kengele wa misheni, akaacha kamba yake, akapiga kelele mlangoni, “Matofali ya Mama Generosa!” na kanisa likatoka. Wote! Wanakwaya, akina mama wa rozari, mpaka wazee wa mbele. Wakakata nyasi, wakavua makoti, wakaleta mikeka, milango, bati moja la choo cha mtu. Gaspar akatoka misheni na maturubai mawili mgongoni. Bwana Mawingu naye akaja mbio kutoka kiwanja cha ndege na turubai la hema lake.

Mimi nilifika kati ya wa kwanza. Na nilitumia akili. Turubai moja la Gaspar lilikuwa limewekwa chini, hakuna aliyelishika, nikalichukua, nikaifunika chupa yangu. Ilikuwa wazi! Maji ya mvua yakiingia kwenye mbingu iliyopimwa chumvi kwa kijiko, kazi ya wiki mbili imekwisha!

Wakanipokonya! Ignasi upande huu, mama mmoja wa rozari upande ule, akanipiga mkono kwa rozari yenyewe. Nikawaambia hamjui mnachofanya. Mama yule akaniambia, “Tunajua, inama tu wewe.”

Mvua ilipiga saa nzima. Safu zilizofunikwa zimepona. Safu za upande wangu, yaani upande ulio karibu na nyumba yangu, ambao nyasi zake zilikuwa pungufu kwa sababu zilizoelezwa, zimelainika, zimeinamiana, zimekuwa kitu kimoja. Generosa amehesabu: elfu moja na mia tisa mazima. Elfu moja na mia moja tope.

Nilitegemea Dafrosa apige kelele. Angepiga ningemjibu, majibu nilikuwa nayo. Hakupiga. Alichutama pale kwenye tope, akachukua tofali moja lililobaki na alama ya dole gumba la Generosa, akalishika kwa mikono miwili. Likamwagika katikati ya vidole.

Sijui kwa nini nimeandika hilo. Halihusiani na hali ya hewa.

Jumatatu, 29 Oktoba

Dhuluma! Dhuluma ya wazi, mchana, mbele ya watu!

Asubuhi Bwana Mawingu amekuja nyumbani kuona chupa. Nilichochea (kuni mbili tu, na kwa kuwa si zangu sikuwa na haki ya kuzinyima). Alipiga magoti. Aliichungulia chupa toka juu mpaka chini. Kisha akasema kweli, naandika alivyosema, mashahidi wapo: “Moto chini. Mzuri. Mzuri sana. Wewe hapana mjinga.”

Nikawageukia watu. Hapana mjinga! Mmesikia?

Ndipo akauliza niliona nini humo. Nikamweleza kanuni. Nyeupe ikishuka kwenye chupa, mvua inapaa mbinguni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kugeuza kichwa ni kwa ajili ya sanduku tu, ili jicho lione sura ya wingu. Wingu la kweli halitaki kuinamiwa, linatazamwa mtu amesimama. Na mvua, akasema, juu au chini, kichwa hivi au kichwa vile, iko anguka. Siku zote iko anguka.

Sasa kwa nini hakusema tangu mwanzo? Wiki mbili! Matofali elfu moja na mia moja yako juu ya kichwa cha huyu Mzungu na hakuna anayemuuliza!

Halafu akaomba daftari lake la mawingu. Nikasema liko kwenye matengenezo.

Akamuuliza Gaspar kama atasoma na kikombe cha pili. Gaspar akasema yeye kikombe kimoja kinamtosha, mtu hawezi kuwa misheni na kiwanja cha ndege saa tatu ile ile. Kisha akasema, nilimsikia kwa masikio yangu, kwamba yuko mtu aliyehesabu matofali elfu tatu toka Julai na hajakosea hata moja.

Generosa! Wamempa Generosa! Mtoto wa kike, kanga kiunoni, matope hadi magotini, na kofia yenye beji ya shaba juu ya kilemba! Saa tatu kesho anaanza. Na si sifuri. Ataanza na namba!

Nikamwambia mjomba wako nitakusaidia kusoma. Akasema ahsante mjomba, kikombe kinasomwa umesimama.

Alhamisi, 1 Novemba. Watakatifu Wote

Ignasi amewasha tanuru jana kwa yale elfu moja na mia tisa. Kuni zimekatwa na watu wa kanisa, kila nyumba mzigo mmoja. Moshi umenyooka vizuri. Hawakuniita kuwasha.

Ukubwa wa nyumba umepungua. Vyumba viwili badala ya vitatu, isipokuwa yale mengine yapigwe upya. Paroko ametoa banda la misheni yakaukie humo. Nani ayapige? Wamekaa kikao bila mimi, wakaamua mimi. Udongo nikanyage mwenyewe, matofali elfu moja na mia moja, dole gumba kila la mia.

Saidi amekuja na vitambaa vyake, vimechujana rangi. Amechukua chupa. Ameichukua na mbingu yangu ndani! Akaimwaga mlangoni kwangu kama maji ya kuoshea vyombo!

Bwana Mawingu ameondoka kwa treni. Nilibeba sanduku mpaka stesheni. Halikuvunjika. Hakuna aliyelitaja hilo.

Romana amerudi na habari: mama yake amepokea kaniki, anasubiri mbuzi. Anasema usiku anaota.

Jumamosi, 3 Novemba

Toka asubuhi niko kwenye shimo la udongo, natembea kama punda wa kinu. Mvua inapumzika leo. Dafrosa amekaa ukingoni anapiga matofali, na saa sita alinipa kikombe cha uji wa ulezi, na ulikuwa na sukari. Namjua dada yangu. Bado kidogo.

“Kanyaga kaka,” alisema. “Chumba cha tatu ndicho cha wageni. Ukigombana na Romana ndimo utakamolala.”

Nikakanyaga kwa nguvu. Na hapo, ndipo nikaona.

Generosa alikuwa amemwaga maji meupe ya chokaa ya kuchorea mistari ya msingi, pembeni ya shimo. Yakaingia kwenye tope nilipokuwa nakanyaga. Yakajikunja! Yakazunguka mguu wangu, yakatoa mkia, mkia ukazaa mikia, kila mmoja unasokota kwake. Nilisimama. Nikainua mguu wa kulia, nikautua. Tena! Siyo kama sanduku, siyo kama chupa. Hapa wingu haliendi juu wala chini, linakwenda kwa ubavu! Kwa hiyo hakuna kugeuza kichwa! Kosa lote la wiki mbili lilikuwa hilo: niliinama mbele badala ya kulala ubavu.

Nimelala ubavu pale pale ndani ya shimo kuhakikisha. Ni kweli kabisa! Dafrosa aliuliza kama nimeanguka. Nikasema napumzika.

Shimo ninalo, chokaa ninayo, mvua nitaisema siku na saa, na huyo Mzungu nitamwandikia barua aone aibu. Kinachokosekana ni joto. Tope la baridi linazunguka kivivu. Linataka moto chini, kidogo tu, pale ukingoni.

Kuni za matofali haya mapya safari hii wamezipanga kwa Gaspar, ukutani, na Gaspar mwenyewe amekaa mbele yake na kofia yake kama askari wa benki. Lakini kesho Jumapili, misa ya kwanza, nani anavuta kengele?

Mzigo mmoja tu. Pengo halitaonekana.